Uzito wa uongo: fuwele ya kwatzi, oksidi ya alumini, na sehemu moja ya mia ya nyuzi joto

Utando wa oksidi ya alumini unapojengwa tabaka kwa tabaka, mizani ya kwatzi, yaani kipande cha fuwele kinachotetemeka na kuhisi uzito mdogo mno, huuchora kama ngazi. Gesi ya kwanza inapulizwa, mstari unapanda. Gesi ya pili inapulizwa, mstari unasogea kidogo tu. Inarudi ya kwanza, mstari unapanda tena. Ukikaa mbele ya skrini unaiona kemia ikitokea papo hapo, juu ya uso ambao jicho haliwezi kuona umebadilika. Katika fizikia ya tando nyembamba sijui mchoro mwingine unaonivutia kama huu. Na mchoro huohuo unaweza kuwa na ngazi iliyonyooka, inayojirudia mara mia bila kukosea, huku kila kidato chake kimebeba uzito ambao haumo kwenye utando.

Kisa ninachokichambua ni cha Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2002 Jeffrey Elam, Markus Groner na Steven George wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha maelezo ya bomba la kujengea tando lenye mizani ya kwatzi ndani yake. Mwaka uliofuata, 2003, Matthew Rocklein na George wakachapisha kazi iliyoeleza jambo ambalo wengi waliotumia mizani hiyo hawakulitilia maanani: kwamba joto peke yake linaweza kuandika uzito kwenye mchoro, na kwamba uzito huo wa uongo unaweza kuondolewa kwa kurekebisha halijoto ya bomba lenyewe. Hesabu nitakazopiga humu ni zangu, nimezipiga kwa namba za kawaida zinazojulikana za kwatzi na za alumini, kwa sababu bila kuziona namba hizo mtu hawezi kuelewa ukubwa wa mtego.

Kinachopimwa

Sonara akitaka kujua uzito wa kipuli hukiweka kwenye sahani ya mizani, na dunia inakivuta. Mizani ya kwatzi haina sahani, wala haihitaji mvuto wa dunia. Ingefanya kazi vilevile ukiipindua juu chini. Ni kipande cha fuwele chenye umbo la sarafu, kimepakwa dhahabu kidogo pande zote mbili ili kupitisha umeme. Umeme unaogeuka upande huu na upande ule unaifanya fuwele itetemeke, kwa sababu ya tabia ambayo ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliigundua na kuithibitisha kati ya mwaka 1880 na 1881: kuna fuwele ambazo ukizibana hutoa umeme, na ukizipa umeme hujibana au kujinyoosha. Kipande cha sarafu hiyo hutetemeka kwa uso mmoja kuteleza kwenda kushoto huku mwingine ukiteleza kwenda kulia, mara milioni tano au sita kwa sekunde. Idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde ndiyo masafa yake, na mtetemo mmoja kwa sekunde ni hezi moja.

Mafundi wa redio walijua zamani kwamba fuwele hizi zina wepesi wa ajabu wa kuhisi. Redio iliyotakiwa kushuka masafa kidogo, fundi alichora kwa penseli juu ya uso wa fuwele. Chembe za grafiti zilizobaki zilitosha kuyashusha. Kilichokosekana ni kanuni ya kugeuza mshuko huo kuwa uzito. Kanuni hiyo aliitoa Günter Sauerbrey, Berlin, mwaka 1959. Wazo lake lilikuwa jepesi na lenye akili: utando mwembamba ulioshikamana vizuri na uso wa fuwele uhesabiwe kana kwamba ni kwatzi yenyewe imeongezeka unene. Fuwele nene hutetemeka polepole zaidi kuliko nyembamba, kwa hiyo mshuko wa masafa unakwenda sambamba na uzito ulioongezeka.

Kwa fuwele ya megahezi 6, yaani hezi milioni sita, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.28, kila hezi moja inayopungua ni sawa na nanogramu 12.3 juu ya kila sentimita ya mraba. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Na vifaa vya siku hizi husoma hata vipande vidogo vya hezi moja.

Hapo ndipo penye jambo la kushika. Kifaa kinasoma masafa. Hakisoma uzito, wala hakisoma unene. Namba ya nanogramu kwenye skrini ni tafsiri ya masafa, na namba ya nanomita ni tafsiri ya tafsiri, kwani inahitaji pia uiambie msongamano wa utando wako. Kila kitu kingine kinachogusa masafa, iwe joto, shinikizo la gesi, au mkazo ndani ya utando, kitatafsiriwa kuwa uzito pia. Kifaa hakina namna ya kubagua.

Kilichokuwa kinajengwa

Njia iliyotumika Boulder ni ile ya kujenga utando kwa tabaka za atomu, ambayo Tuomo Suntola aliivumbua Finland na kuiombea hataza mwaka 1974. Upande wa Urusi, wanakemia wa Leningrad walikuwa wameshaanza kufuata wazo la jamii hiyo miaka ya 1960. Suntola alikuja kupewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia mwaka 2018, na alistahili: bila njia hii chipu za kompyuta za leo zisingekuwa kama zilivyo.

Chukua uso uliofunikwa na vikundi vya hidroksili, yaani oksijeni moja na hidrojeni moja vikining'inia nje. Puliza mvuke wa trimethili-alumini, kimiminika hatari kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kila molekuli ina atomu moja ya alumini iliyobeba vikundi vitatu vya methili. Inapogonga hidroksili, methili mmoja huchukua hidrojeni na kuondoka kama gesi ya methani, na alumini inabaki imeshikwa na oksijeni ya uso. Hidroksili zikiisha, mmenyuko unakoma wenyewe, hata ukipuliza kwa saa nzima. Unasafisha kwa nitrojeni. Kisha unapuliza mvuke wa maji, ambao unaziondoa methili zilizobaki na kurudisha hidroksili mpya. Unasafisha tena. Huo ni mzunguko mmoja, na unaongeza utando wa takriban nanomita 0.11 hadi 0.12. Mizunguko mia, utando wa nanomita kumi na moja au kumi na mbili. Unene unaupata kwa kuhesabu mizunguko.

Uzuri wa mmenyuko huu ni kwamba mizani inaweza kukuambia jambo la ndani sana: trimethili-alumini moja inapotua, inakula hidroksili ngapi? Moja, mbili, au wastani wa kati? Nitaifuata hesabu hii polepole, kwa maana kisa chote kimesimama juu yake.

Trimethili-alumini ina uzito wa molekuli 72. Kila hidroksili inayoliwa inatoa methani moja yenye uzito wa 16. Kama wastani wa hidroksili zilizoliwa ni moja na nusu, uso unapata 72 ukitoa 24, yaani 48. Mwisho wa mzunguko mzima, baada ya maji, kilichobaki kwa kila alumini ni nusu ya Al₂O₃, yaani 51. Kwa hiyo hatua ya kwanza inaleta 48 na hatua ya maji inaleta 3 tu. Ndiyo maana ngazi ina kidato kirefu kisha kidato kifupi mno.

Sasa badilisha. Hidroksili inayoliwa ikiwa moja tu, hatua ya kwanza inaleta 56, na kwa kuwa jumla ni lazima ibaki 51, hatua ya maji inapunguza 5. Uso unapulizwa maji na uzito unashuka! Zikiliwa mbili, hatua ya kwanza inaleta 40 na maji yanaleta 11. Uwiano wa vidato viwili ndio unaosimulia kemia. Mtu aliye na mizani ya kwatzi anaweza kuusoma bila kuutoa utando nje ya bomba, na hakuna kifaa kingine chepesi na cha bei nafuu kiasi hiki kinachoweza.

Tugeuze kuwa hezi. Utando wa nanomita 0.12 wenye msongamano wa gramu 3 kwa sentimita ya ujazo una nanogramu 36 kwa sentimita ya mraba. Kwa fuwele ya megahezi 6 hiyo ni karibu hezi tatu kati ya milioni sita. Kidato kirefu ni hezi 2.8. Kidato cha maji, katika ile hali ya moja na nusu, ni hezi 0.17.

Fuwele ndani ya bomba la moto

Kabla ya joto kulikuwa na tatizo jingine, na namna lilivyotatuliwa inafaa kutajwa. Mizani za kwatzi zilizokuwapo zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya ombwe, yaani vilivyonyonywa hewa, ambamo metali huyeyushwa ikafuka kuelekea upande mmoja. Mvuke wa dhahabu unaruka kwa mstari ulionyooka, unatua kwenye uso wa mbele wa fuwele, na mgongo unabaki safi. Gesi za kujengea tabaka za atomu haziendi hivyo. Zinapenya kila upenyo. Zikifika nyuma ya fuwele zinajenga oksidi huko pia, na oksidi ya alumini haipitishi umeme, hivyo springi inayogusa mgongo wa fuwele inapoteza mguso na mtetemo unaanza kuyumba au kukatika kabisa. Tena utando wa nyuma unahesabiwa pamoja na wa mbele, na uzito unaosomwa unakuwa mkubwa kuliko wa kweli. Elam na wenzake waliiziba fuwele kwenye kishikio chake kwa gundi inayopitisha umeme, wakatoboa njia ya kupitisha nitrojeni kidogo nyuma yake, ili gesi hiyo ya nyuma iwe inasukuma kuelekea nje daima. Ni kazi ya mikono kuliko ya nadharia, na naiheshimu sana.

Bomba lao lilifanya kazi kwa nitrojeni inayotiririka kwa shinikizo dogo, kiasi cha sehemu moja ya elfu ya shinikizo la hewa tunayopumua. Kemikali zinadungwa ndani ya mkondo huo kwa vali zinazofunguka na kufunga haraka. Kuta zina hita kwa nje, na halijoto ya kawaida ya mmenyuko huu iko kati ya nyuzi 150 na 250 za Selsiasi, ingawa unafanyika hata chini na juu ya hapo.

Hapa mkato wa fuwele unaingia. Fuwele nyingi za mizani zimekatwa kwa mkato uitwao AT, wenye pembe ya nyuzi 35 na dakika 15 hivi. Mkato huo ulipendwa kwa sababu moja: karibu na joto la chumba, masafa yake hayajali joto. Ukiipasha fuwele kutoka nyuzi 24 hadi 26, haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa redio na kwa saa, hiyo ni neema. Lakini tabia hiyo ni ya jirani na joto la chumba tu. Mkunjo wa masafa dhidi ya joto unafuata kipeo cha tatu: umelala karibu na nyuzi 25, kisha unaanza kupanda, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo mteremko unavyozidi kuwa mkali.

Ukipiga hesabu kwa kigezo kinachojulikana cha mkato huo, fuwele ya megahezi 6 iliyo kwenye nyuzi 175 hubadilika takriban hezi 40 kwa kila nyuzi moja ya joto. Iweke hiyo karibu na namba za juu. Mzunguko mzima wa utando ni hezi tatu. Kwa hiyo fuwele ikipoa kwa nyuzi 0.07, skrini itaonyesha uzito wa mzunguko mzima ambao haukutokea. Na kidato cha maji, hezi 0.17, kinafanana na badiliko la nyuzi 0.004. Sehemu nne za elfu za nyuzi moja, ndani ya bomba linalopulizwa gesi kila baada ya sekunde chache!

Mwelekeo nao ni muhimu. Huko juu, joto likipanda masafa yanapanda, na masafa yakipanda kifaa kinasema uzito umepungua. Fuwele ikipoa, kifaa kinasema uzito umeongezeka.

Joto linatoka wapi

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni mmenyuko wenyewe. Trimethili-alumini na maji hutoa joto jingi yakikutana. Ukivichanganya kimiminika kwa kimiminika vinalipuka. Nililidhania hilo mimi pia nilipokutana na kisa hiki mara ya kwanza, na nadhani wengi wanalidhania. Lakini pima kiasi. Katika mzunguko mmoja zinajengwa nanogramu 36 tu kwa sentimita ya mraba. Joto lake lote, hata lingeingia kwenye fuwele bila tone moja kupotea, lingepandisha kile kipande cha kwatzi cha milimita 0.28 kwa chini kidogo ya sehemu moja ya mia ya nyuzi. Si sifuri, na kwa kidato cha maji ni kosa kubwa. Ila haliwezi kueleza miruko inayolingana na mzunguko mzima au kuuzidi.

Chanzo kikubwa ni gesi. Nitrojeni inayoingia bombani inatoka kwenye chupa iliyo chumbani, na kama haijapata muda wa kupashwa na kuta kabla ya kufika kwenye fuwele, inafika ikiwa baridi kuliko fuwele. Fuwele inakaa kwenye mizania: inapokea joto kutoka kuta, inapoteza joto kwa gesi inayopita. Vali inapofunguka, kiasi cha gesi kinaongezeka ghafla, aina ya gesi inabadilika, na mizania hiyo inasogea. Methani inayozaliwa inapitisha joto vizuri kuliko nitrojeni. Mvuke wa maji nao una tabia yake. Fuwele inasogea sehemu ya mia ya nyuzi huku, sehemu ya mia kule, kisha inarudi taratibu vali ikifungwa. Kwenye skrini yote hayo ni nanogramu.

Walichokifanya Rocklein na George ni kuligeuza hilo kuwa jambo linaloweza kurekebishwa. Bomba halina halijoto moja. Lina halijoto kwenye mlango, katikati na mwishoni, na hita zake zinaweza kupangwa kila moja peke yake. Ukiipanga vizuri sehemu iliyo kabla ya fuwele, gesi inafika ikiwa na joto lilelile la fuwele, na vali ikifunguka hakuna kinachosogea. Uzito wa uongo unatoweka na unabaki wa kweli. Hakikuhitajika kifaa kipya wala programu ya kusahihisha data baadaye. Ilihitajika kujua kwamba jambo lipo, halafu subira ya kuzungusha vitasa vya hita mpaka mstari utulie.

Kwa nini kosa hili linapita

Hapa ndipo penye somo la kiufundi ambalo naona halijasisitizwa vya kutosha, hata na watu wanaojua fizikia yake.

Kosa la joto linajirudia. Kila mzunguko una mipulizo ileile, muda uleule, kwa hiyo fuwele inapoa na kupata joto kwa namna ileile. Mwisho wa mzunguko fuwele imerudi kwenye joto ililoanza nalo. Maana yake ni kwamba ukipima kutoka mwisho wa mzunguko mmoja hadi mwisho wa unaofuata, kosa linajifuta lenyewe. Wastani wa ukuaji kwa mzunguko unatoka sahihi kabisa. Unachukua kipande cha silikoni kilichokuwa ndani ya bomba, unakipima unene kwa mwanga au kwa mionzi ya eksirei, na namba inakubaliana na mizani. Unafurahi. Unasema mizani imethibitishwa.

Imethibitishwa kwa jumla. Vidato vya ndani havijathibitishwa hata kidogo. Ule uwiano wa 48 kwa 3, unaosimulia hidroksili ngapi zimeliwa, unaweza kuwa umepotoka vibaya huku jumla ikibaki safi, kwa sababu kilichoongezwa kwa uongo kwenye hatua ya kwanza kimeondolewa kwa uongo kwenye hatua ya pili. Na kwa kuwa kosa linajirudia sawasawa, ukichukua wastani wa mizunguko mia halipungui. Kelele hupungua kwa wastani. Hili halipungui, linazidi kuonekana safi.

Tuone ukubwa. Tuseme fuwele iko nyuzi 0.01 chini wakati unaposoma kidato cha kwanza, kwa sababu muda wa kusafisha ulikuwa mfupi na haijarudi kwenye joto lake. Nyuzi 0.01 mara hezi 40 ni hezi 0.4, karibu nanogramu 5, yaani asilimia 14 ya mzunguko. Kidato cha kwanza kitasomeka kama 55 badala ya 48. Ukikokotoa hidroksili zilizoliwa, unapata 1.1 badala ya 1.5. Na hatua ya maji, badala ya kuongeza 3, inasomeka kuwa imepunguza 4. Mtu makini, mwenye data safi, atakaa chini na kuandika maelezo ya kina kuhusu uso unaopoteza maji wakati wa mpulizo wa maji. Maelezo hayo si upuuzi, kwa sababu hidroksili mbili za jirani huweza kweli kuungana na kutoa molekuli ya maji. Kwa hiyo msomaji naye atakubali. Kosa limepata kemia ya kulieleza.

Hili ndilo linalonigusa katika kisa hiki. Kosa la wazi halina madhara makubwa. Mstari ukiruka ovyo kila mtu anajua kuna hitilafu. Hili lina umbo lilelile la jambo linalotafutwa, na ukubwa uleule.

Namna ya kulikamata

Njia ninayoiamini kuliko zote haihitaji kununua kitu. Puliza trimethili-alumini mpaka uso ushibe. Kisha, bila kupuliza maji, rudia mpulizo uleule wa trimethili-alumini mara tano, mara kumi, kwa muda uleule na kusafisha kulekule. Hidroksili zimekwisha, kwa hiyo hakuna cha kutua. Mstari unapaswa kulala. Chochote kinachoonekana baada ya mpulizo wa kwanza, kama ni mruko unaopanda na kurudi, au mgongo unaokawia kushuka, ndicho kivuli cha joto na shinikizo, na sasa unajua umbo lake. Fanya vivyo hivyo kwa maji. Kisha kwa nitrojeni tupu.

Njia ya pili ni kubadilisha muda wa kusafisha. Uzito wa kweli ukishatua unakaa. Uzito wa joto unayeyuka kadiri fuwele inavyorudi kwenye joto lake. Ukisafisha kwa sekunde 5 ukapata kidato cha kimo kimoja, na kwa sekunde 30 ukapata kingine, mojawapo hakikuwa utando. Watu hukwepa kusubiri kwa sababu majaribio yenye mizunguko mia yanakuwa ya saa nzima na zaidi. Kwa kipimo cha vidato mizunguko kumi inatosha, na muda huo unafaa kutumika.

Zipo fuwele zilizokatwa kwa pembe iliyosogezwa kidogo ili sehemu yake iliyolala iangukie kwenye joto kubwa zaidi badala ya joto la chumba. Zinasaidia, na zikipatikana kwa joto unalolitaka zitumie. Hata hivyo sehemu hiyo iliyolala ni nyembamba. Ukibadilisha halijoto ya jaribio kwa nyuzi 50 umetoka nje yake. Wengine hutetemesha fuwele kwa namna mbili tofauti kwa wakati mmoja, moja ikihisi zaidi joto na nyingine uzito, halafu wanatenganisha kwa hesabu. Ni njia nzuri kwa mwenye vifaa.

Kwa wanaoyeyusha dhahabu au alumini kwenye ombwe, jambo hili lipo pia, kwa sura nyingine: sufuria nyekundu ya moto ikifunguliwa kifuniko, mwanga wake unaipasha fuwele, na dakika ya kwanza ya kipimo inakuwa na uongo ndani yake. Vishikio vyao hupozwa kwa maji, na tando zao ni za makumi ya nanomita, kwa hiyo kosa linazama. Huko tatizo kubwa zaidi ni kwamba fuwele na kipande kinachopakwa havikai mahali pamoja, basi kila mpangilio unahitaji kigezo chake cha kusahihisha. Hilo ni kisa kingine.

Kinachobaki wazi Boulder na kwingineko ni kulinganisha halijoto. Wanakemia wanataka kujua hidroksili zinazoliwa zinabadilikaje bomba linapopashwa kutoka nyuzi 150 hadi 250, kwa sababu inajulikana kwamba uso wa oksidi ukipashwa hupoteza hidroksili zake. Zikipungua, kila trimethili-alumini inakuta chache za kula, na kidato cha kwanza kinapaswa kurefuka kikilinganishwa na jumla. Sasa tazama mizani. Kwa nyuzi 150, fuwele ileile ya megahezi 6 hubadilika kama hezi 30 kwa kila nyuzi moja. Kwa nyuzi 250, ni kati ya 90 na 100. Mpulizo uleule wa gesi baridi, ukiipoza fuwele kwa kiasi kilekile, unaandika uzito wa uongo mara tatu zaidi huko juu, na unauandika kwenye kidato cha kwanza, kukirefusha. Kemia ya kweli na kosa vinaelekea upande mmoja, na vyote viwili vinakua joto likipanda. Kwa hiyo mipulizo mitupu ya kupimia kivuli haiwezi kufanywa mara moja kwa nyuzi 150 na kudhaniwa inatosha kwa zote. Inafanywa upya kwa kila halijoto, hita zikipangwa upya kila mara, kabla ya kidato hata kimoja kuandikwa kwenye daftari.